Mshenga Aliyevushwa Mara Tatu

Leo nimeaibika, jamani. Nawaambia mwenyewe humu kwenye grupu kabla video haijawafikia, maana kuna kijana alikuwa anarekodi.

Msimamo wangu mnaujua. Gari ni ufunguo. Unachomeka, unazungusha, linaitika. Kigari changu ni cha zamani, namba B, ufunguo nimeufunga kamba ya kiatu, na kinanifikisha kote mnakofika nyie wa namba E. Kompyuta ya steshenari yangu pale Kimara haijui apdeti ni nini, na barua zenu za kuomba kazi zote zimetoka humo humo. Na hizi saa za mkononi zinazomwambia mtu mzima asimame atembee? Mie nina mke, kazi hiyo anaifanya bure. (Mama Zuhura, kama unasoma, natania.)

Sasa leo mpwa wangu Shabani alikuwa anapelekewa barua ya posa ukweni Kigamboni, na mshenga ni mie. Baba wa binti ni mkali, na alishatuma salamu mapema: saa nne ni saa nne, mshenga akichelewa arudi na barua yake. Shabani wiki nzima hali wala halali. Akaniambia, "Mjomba, kile kigari chako kitatuchekesha ukweni. Chukua langu."

Lake ni namba E, la kubonyeza. Akanikabidhi kidude cha plastiki. "Mjomba, remoti hii isikae mbali na wewe."

"Nimeanza kuendesha wewe hujazaliwa!" nikamjibu.

Kidude chenyewe kikawa kinanichoma kwenye mfuko wa kanzu. Nikampa mke wangu. "Hebu tia kwenye mkoba. Hiki wala hakifungui kitu." Akakitia, pembeni ya barua ya posa.

Nikabonyeza. Likaitika. Nakiri, lilinikuna! (Shabani asijue.) Ubaridi mwanana, kiti laini, na ndani kuna mdada anaongea Kijapani, sielewi hata neno, ila sauti ni ya heshima. Tukafika Feri, kivukoni pale Magogoni, saa tatu na robo, roho yangu kwatu.

Pale utaratibu ni mmoja: dereva anaingia na gari kwenye pantoni, abiria wanashuka na kupita geti la waenda kwa miguu. Mama Zuhura akashuka na mkoba wake. Simu yake akaiacha inachaji kwenye gari. Alipofunga mlango tu, pii! pii! pii! Mdada wa Kijapani naye akaja juu.

"Tulia, dada," nikamwambia. "Anarudi huyo."

Ndiyo magari yenu ya siku hizi. Kufunga mlango nako kesi! Nikaingia wa kwanza, nikapaki mbele kabisa, nikazima. Huku nyuma geti la abiria likafungwa, Mama Zuhura akabaki kwenye foleni. Sikujali. Atakuja na pantoni nyingine, nitamsubiri ng'ambo, muda upo.

Tukafika Kigamboni. Mlango wa chuma ukashuka. Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Mdada akasema neno moja, akanyamaza. Gia haitoki, usukani umekaza, na nyuma yangu honi zote za Dar es Salaam.

Kijana wa pantoni, kavaa kizibao cha kung'aa, akaja dirishani. "Mzee, ufunguo uko wapi?"

"Hili halina ufunguo, kijana," nikamwambia kwa maringo. "Hili la kubonyeza."

"Remoti je?"

Hapo ndipo mkoba wa Mama Zuhura uliponijia machoni. Yesu na Maria wa jirani zangu! Nikachukua simu, nikampigia. Simu ikaita. Ikaita hapo hapo, kwenye kiti cha pembeni.

Magari yakawa yananipita moja moja kwa kubana, na kila dereva anashusha kioo kutoa ushauri. "Chomoa betri!" "Kanyaga breki!" "Mzee, ungepita darajani!" Kusukuma wakashindwa, magurudumu yamejifunga. Yule kijana akatazama saa yake. "Mzee, sie tunarudi mjini. Utarudi nasi."

Wakapakia wengine, nikarudishwa. Uso wangu unatazama Kigamboni, mie naenda Magogoni! Katikati ya maji tukapishana na pantoni nyingine, na ukingoni kasimama nani? Mama Zuhura. Nikatoka garini nikapunga mikono yote miwili. "Remoti! Remotiii!" Naye akanipungia kwa furaha, akidhani namsalimia. Kisha akaona naelekea upande gani. Akafungua mkoba, akakitoa kile kidude, akakiinua juu. Pantoni zote mbili wakacheka. (Hapo ndipo palipo na video.)

Magogoni nako sikutoka. Nikageuzwa tena, wauza karanga sasa wananiamkia "shikamoo, nahodha." Nilipofika Kigamboni mara ya pili saa nne ilishapita zamani. Nikamfikiria Shabani, machozi yakanilenga, wallahi. Nitamwambia nini mtoto wa dada yangu?

Kijana mwingine mwenye kizibao akanijia na remoti mkononi. "Wewe ndiye mzee unayekaa kwenye pantoni? Mama kakuachia hii. Kasema katangulia na barua."

Nikaliendesha lile gari bila kupumua. Nafika mlangoni ukweni, nasikia vigelegele. Ndani, Mama Zuhura kakaa katikati ya mkeka, na yule baba mkali anacheka mpaka anajifuta macho. Kumbe alichukua bajaji, akaingia saa nne kasoro dakika tano, akaitoa barua, akaisemea mwenyewe. Posa imepokelewa!

"Washenga wengi nimewapokea," baba wa binti anasema, "lakini huyu mama anajua kusema." Kisha akaniona mie mlangoni, kanzu imelowa jasho. "Na huyu je?"

Mama Zuhura hata hakugeuka. "Huyo dereva wetu. Mpeni chakula."

Nikala pilau sahani mbili. Lilikuwa tamu, sisemi uongo.

Remoti nimeshaifunga kamba ya kiatu, naivaa shingoni mpaka nimrudishie Shabani mkononi. Na atakayecheka humu, barua yake ya kazi akachapishe kwingine.