Mshubiri wa Dirishani kwa Mwanyumba

Jumamosi, 6 Juni
Mama mkwe anahama. Chumba kipya hakina jua, kwa hiyo ule mshubiri mkubwa alioupanda marehemu baba mkwe unatafuta mtu wa kuulea. Mtu huyo atakuwa mkwe. Wakwe tuko wawili: mimi, kinyozi, mtu wa kutulia mahali pamoja, na mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu, dereva wa lori, leo yupo kesho hayupo. Mama mkwe ametupatia kila mmoja mche mdogo kwenye kopo. Jumapili ya tarehe 21 atakagua. Wa nani umestawi, huyo ndiye. Aliponikabidhi wangu alisema nisiusumbue. Alipomkabidhi yeye alitabasamu. Nimeliona tabasamu lile. Miaka tisa ya ndoa sijapewa hata nusu yake.

Jumatatu, 8 Juni
Nimeuhamishia mche kwenye chungu kizuri cha bluu, nimeuweka saluni mbele ya kioo. Kumbe chungu kina tundu chini. Maji yote yakatoka, yakalowesha taulo za wateja. Nani alitengeneza chombo cha kumwagilia akakitoboa? Nimeliziba kwa saruji. Sasa halipotei tone. Asubuhi kikombe, mchana kikombe, jioni kikombe. Mke wangu ameuliza kama ninalea mshubiri au mpunga. Huyo na shemeji ni tumbo moja, simwelezi mipango yangu.

Jumatano, 10 Juni
Nimepita kwa mwanyumba, eti kurudisha sufuria. Mwenyewe yuko safarini. Mche wake uko dirishani jikoni, kwenye kopo lilelile lililotobolewa kwa msumari, mchanga mkavu, jua kutwa. Majani yamejikunja, yamekuwa mekundu. Roho ikatulia, nikaomba chai. Ndipo shemeji akasema mama amepiga simu kuuliza mwanyumba anaendeleaje huko barabarani. Chai ikanishinda. Mimi nani ameniuliza? Hata mimi nina barabara, kutoka nyumbani mpaka saluni.

Ijumaa, 12 Juni
Wangu umelegea. Jani la chini limekuwa la njano, laini. Mteja mmoja, fundi bomba, amesema mshubiri huozeshwa na maji mengi. Nimemnyoa upande mmoja chini zaidi ya mwingine. Lakini jioni nikawaza: kama ni kweli, basi nimepewa silaha. Mbio mpaka kwa shemeji. Nikamwambia kichwa kinanigonga, nikaomba maji ya kumezea dawa. Alipogeukia jiko, glasi nzima ikaishia kwenye kopo la mwanyumba.

Alhamisi, 18 Juni
Glasi ya sita. Shemeji amemnong'oneza mke wangu kwamba ninaumwa na ninawaficha. Mke wangu sasa ananitazama kwa huruma, ananipikia uji. Ninaunywa. Cha kuudhi ni kwamba mche wa mwanyumba unanenepa. Majani yamesimama, kijani kibichi. Naumwagilia uoze, wenyewe unashukuru. Wangu umelala ubavu. Nimeuegemeza kwa kitana.

Jumapili, 21 Juni
Tumekutana kwa mwanyumba. Mama mkwe akaomba kuona wangu kwanza. Nilipoushika, majani yakaja mkononi, mizizi ikabaki chunguni. Harufu ikajaa sebule. Akaugeukia wa mwanyumba, akausifu mpaka nikatazama dari. Mwanyumba, kwa ujinga wake wa kusema kweli, akajibu hajaugusa, alikuwa safarini. Shemeji naye akakiri aliusahau kabisa. Basi aliyeutunza ni nani, mama mkwe akauliza. Sifa hizo zikawa hazina mwenyewe. Zikaniuma. Nikasimama nikasema ni mimi.

Shemeji akashika mdomo. Kumbe zile glasi za dawa, akasema. Mama mkwe akanitazama sana, akasema hajapata kuona mkwe anayeacha mche wake ufe ili wa mwenzake upone. Machozi yakamlengalenga. Mimi nikasubiri mshubiri wangu mkubwa. Akasema ule mkubwa utakaa hapa, dirisha lina jua. Mimi, kwa moyo wangu mzuri, nimepewa mche mwingine mdogo, nisiutie maji mpaka mwezi ujao. Mwanyumba akanikumbatia. Hata kukumbatia anajua, mtu huyu.

Jumatatu, 22 Juni
Nimelifikiria jambo hili asubuhi nzima, wateja wakisubiri na povu shavuni. Wa mwanyumba niliutia maji, ukanawiri. Wangu niliutia maji, ukafa. Kwa hiyo maji ni dawa, ila wangu niliupunja. Eti nisubiri mwezi ujao. Yule mama anataka tu wa mwanyumba uendelee kuwa mbele. Nimeleta ndoo.