Tarikhi ya Kichwa cha Kijani Kilichosimama

Mke alikwisha kushuka ngazi, funguo mkononi, akienda stendi kumpokea dada yake. Na hapo ndipo, enyi wenye masikio, sogeeni karibu, maana mlango ulipofungwa tu vita ikaanza. Nimetembea nchi nyingi, nimeona madaraja yakijengwa na mito ikihamishwa, wala sijaona jasho jingi namna ile likimwagwa kwa jambo dogo namna ile.

Shujaa wetu alikuwa daktari wa meno, simba wa magego, ambaye mbele ya kiti chake wanaume wenye ndevu waliita mama zao. Chumba cha wageni alikiteka zamani, akasimika humo meza, na juu ya meza reli ya kuchezea, ingawa neno hilo halitamkwi mbele yake: mduara mmoja, njia moja ya kando, stesheni kubwa kama kiberiti, na vichwa viwili vya treni, cheusi na cha kijani. Tangu enzi na enzi vilitawaliwa na swichi moja ya kuzungusha. Ukiigusa, vyote huondoka pamoja kama mbuzi wa kamba moja. Sasa shujaa aliapa kuleta utawala wa kidijitali, kila kichwa kitiwe chipu tumboni, kipewe namba, kiitwe peke yake. Mke aliuliza kuna haja gani, akajibiwa kwa hotuba. Basi kabla ya kutoka alitoa hukumu, bila kupandisha sauti.

"Sikiliza, bwana. Nikirudi na dada nataka kimoja kiende, kingine kikae. Vikienda vyote, meza inatoka, kitanda kinaingia."

"Nenda salama," shujaa akanena. "Utakaporudi utakuta dola mpya."

Akavaa miwani ya kuchungulia matundu ya meno. Akakipasua cheusi, akakata nyaya, akaunga kwa risasi ya kuyeyusha chipu ndogo kuliko ukucha wa mtoto, akikibembeleza kwamba haitauma. Na alipomaliza nusura akiambie kisukutue. Cha kijani nacho kikapata tiba ileile. Kisha akainua rimoti kama mfalme ainuavyo upanga, akaita namba tatu, kama kijitabu cha chipu kilivyoagiza.

Cheusi kikaondoka kwa fahari. Cha kijani nacho kikaondoka, kwa fahari ileile. Kumbe kiwandani chipu zote hubatizwa tatu, kama ukoo usio na majina.

Shujaa hakutetereka. Kwa hekima ya wakuu wa dunia aliamuru tatu iwe saba, na vichwa vyote viwili vimesimama relini vikimsikiliza. Akaita tatu, kimya. Akaita saba, vikaja vyote. Hivyo, kwa umeme na maarifa ya kisasa, akawa amevumbua upya swichi aliyoing'oa asubuhi.

Sauti za wanawake zikasikika ngazini. Ndipo nuru ikamshukia: amri ya relini huisikia kila aliyesimama relini. Akakinyanyua cha kijani kwa vidole viwili, kama jino la utoto, akakibatiza cheusi tisa peke yake, akakirudisha mwenzake njia ya kando. Mlango ukafunguka.

"Haya," mke akasema, begi la mgeni likiwa bado begani.

Shujaa akabonyeza tisa. Cheusi kikazunguka. Na cha kijani, enyi vizazi, kikasimama. Kilisimama kama mlima, kama ngome, kama kilivyosimama dukani bila chipu yoyote.

Dada mtu akainama, akakitazama sana. "Pole, shemeji. Hiki kimeharibika?"

"Hakijaharibika, dada. Kinatii."

Mke alikwenda kutafuta godoro. Na iandikwe basi katika vitabu vya mataifa kwamba siku ile, mbele ya mashahidi wawili, kitu kilikaa palepale kilipowekwa.

Dada alilala sebuleni siku zote alizokaa, akaondoka ameshika kiuno, na safari iliyofuata alifikia kwa mdogo wao. Mke, kwa kukosa chumba, alihamishia kazi ya pasi jikoni. Kichwa cheusi kiliungua chipu kabla ya mvua. Daktari angali anang'oa meno, na wagonjwa wake, wakiwa wameachama na hawawezi kujibu, husimuliwa habari hii yote.