Uso Hupimwa Kabla ya Dansi

Zaidi alisoma tangazo ukutani sokoni Moshi: bendi ya dansi kutoka Tanga itapiga Jumamosi alasiri. Wengine walifikiria viatu. Yeye alifikiria kuku.

Siku hiyohiyo akaazima kamera kwa Kishor, mpiga picha wa mjini, akaweka rehani baiskeli yake mpya. Baiskeli hiyo aliipenda kuliko ndugu zake wote, na kwa haki, maana ndugu zake hawakuwa na kengele. Filamu hakuomba. Mpango ulikuwa mwepesi: Jumamosi alfajiri arudishe kamera, achukue baiskeli, apakie mali kwenye lori la Arusha, na dansi awaachie wenyewe.

Jumatatu alikuwa Uru, vijijini mlimani juu ya Moshi, kamera shingoni, futi ya fundi cherehani mkononi.

"Picha ya dansi huandaliwa mapema," aliwaeleza wakulima wa kahawa waliomzunguka. "Ukumbini kuna giza, watu wanazunguka. Kamera lazima ikuzoee. Asiyepimwa uso leo, Jumamosi atatoka kivuli."

Hakuna aliyetaka kutoka kivuli. Walipimwa paji, pua na masikio, na Zaidi akasoma vipimo kwa sauti ya padri. Malipo yalikuwa kuku au mkungu wa ndizi. Wenye masharubu waliongeza mayai, kwa kuwa masharubu, alisema, yanakula mwanga. Mali yote ikahifadhiwa Kiboriloni kwa Salvina, mjane muuza mbege, pombe ya ndizi, mwenye banda kubwa na maswali machache.

Jumatano, mzee mmoja wa Uru aitwaye Anaeli akaifungua kamera kwa nyuma. Ndani hamkuwa na kitu.

"Shikamoo mzee," akasema Zaidi, akachuma jani la isale kwenye ua wa kihamba, shamba la nyumbani kwa mzee, akamnyooshea kwa mikono miwili. Alikuwa ameishi na Wachagga vya kutosha kujua kwamba anayeombwa radhi kwa isale hana ujanja, sharti asamehe.

Anaeli alilipokea, akameza hasira pamoja na mate. "Nimekusamehe. Nenda."

Zaidi aliteremka akicheka, na njiani akachuma majani mengine manne ya akiba. Kusema kweli inaudhi, jani la heshima kama lile kulifanya tiketi ya basi. Asichokijua ni kwamba Salvina alikuwa dada yake Anaeli, na isale haimzuii mtu kuzungumza na dada yake.

Ijumaa alimwachia Salvina kamera ili akatafute lori.

"Nitakutunzia, mwanangu," Salvina alisema. "Na dansi umeshaliandaa?"

"Kila pua, mama."

Lori likaharibika njiani. Zaidi alifika nalo Jumamosi saa kumi alasiri, akakuta banda halina hata unyoya. Dereva hakusubiri. Zaidi akatimua mbio mpaka ukumbini.

Bendi ilikuwa imepamba moto. Watu wa Uru walikuwa wakicheza, kuku wao wamesharudi nyumbani. Juu ya meza alisimama Kishor na kamera yake, safari hii ina filamu, na kando ya meza Salvina.

"Bwana Kishor, baiskeli yangu iko wapi?"

"Si umeitoa ilipie picha za watu wote? Mama huyu ameniletea kamera na salamu zako. Baiskeli nimeshaiuza. Ahsante sana, watu wenye moyo kama wako wamebaki wachache."

Zaidi alimgeukia Salvina, amevimba. Kabla hajafungua kinywa, mama alikuwa ameshamnyooshea jani la isale kwa mikono miwili. Bendi ikanyamaza. Ukumbi mzima ukatazama.

"Nimekukosea, mwanangu. Nisamehe."

Angekataa, angeulizwa sababu, na angeieleza mbele ya watu aliowapima pua. Moyo ulimuuma kwa ajili ya kengele ile. Akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema kwa sauti ndogo.

"Msitikisike," akasema Kishor.

Picha ile ilitundikwa kilabuni kwa Salvina miaka mingi. Watu wa Uru wametoka vizuri, hata wenye masharubu. Mbele yao kuna mtu mmoja ameshika jani, ametikisika, ametoka kivuli. Wateja wakiuliza ni nani, Salvina huwajibu kwamba huyo ndiye peke yake ambaye hakupimwa uso.