Vigingi vya Injinia

Jumatatu, 5 Septemba 1960
Injinia mpya amefika kambini kwetu, mto Nduruma, litakapojengwa daraja. Bwana Ndesanjo, Mchaga, ametoka juzi tu chuo cha uinjinia Nairobi. Nilitegemea mzee mwenye tumbo. Kumbe kijana, viatu vinang'aa! Nikampa shikamoo. Akaona haya, maana mimi ndiye mkubwa. Sikujali. Kambi haina nyapara, na mgongo wangu umechoka na sururu tangu nitoke Kasulu. Unyapara ni wangu.

Jumanne, 6 Septemba
Nimembebea kiti, mwavuli na birika. Omary, ambaye naye anautaka unyapara, akaniuliza mbele ya watu harusi ni lini. Mjinga yule!
Mchana, habari mbaya. Injinia wangu hana mamlaka ya kuajiri hata mpishi! Yuko kwenye majaribio. Bwana Mkubwa, Mwingereza wa ofisi ya mjini, amemwambia shahada aiweke sandukuni, kwanza apime daraja hili. Vipimo vikiwa sawa, atapewa kazi na kuchagua nyapara wake. Vikikosewa, anarudi ofisini kuchora mistari.
Basi na mimi nimo majaribioni.

Jumatano, 7 Septemba
Kutwa injinia amechungulia darubini yake na kupigilia vigingi, toka ukingoni mpaka barabarani. Jioni nikavitazama. Aibu! Kimoja kirefu, kingine kifupi, kama meno ya bibi yangu. Kusoma kote kule, na nyundo hajui! Bwana Mkubwa anakuja kesho. Lazima nimwokoe.

Alhamisi, 8 Septemba
Nimeamka kabla ya jogoo. Nimegonga vigingi vyote mpaka vikalingana kama askari wa gwaride. Nikasimama pembeni kungoja sifa.
Injinia alivitazama, akakaa chini kwenye tope. Na viatu vile! Kumbe kichwa cha kila kigingi kinaonyesha udongo ujazwe mpaka wapi. Bwana Mkubwa akauliza nani kafanya upuuzi huu. Mimi nilikuwa natazama mto. Injinia akajibu kosa ni lake, hakuwaeleza watu kazi ya vigingi. Akapewa mpaka Jumamosi.
Baadaye akaniambia, mzee Mikidadi, chuoni walinifundisha kukokotoa uzito wa daraja, si kuongea na wanaolijenga. Nikamsamehe.

Ijumaa, 9 Septemba
Amewakusanya vibarua wote, akaeleza kigingi kimoja kimoja, tope magotini. Halafu akapima upya. Omary ameshika fimbo ya kupimia. Mimi nimepewa kulinda vigingi, na nisiviguse. Wivu umemkaba Omary, naona.

Jumamosi, 10 Septemba
Vipimo sawa! Injinia amepewa daraja. Nyapara atamtaja Jumatatu. Omary anapiga mluzi tu.
Bado nina kesho. Injinia ameiacha miguu mitatu ya darubini mtelemkoni, tayari kwa kazi ya Jumatatu. Mguu mmoja mrefu, miwili mifupi! Maskini, uchovu. Alfajiri nitaisawazisha.