Kompyuta Yenye Adabu

Tangazo lilisomwa asubuhi, mbele ya maikrofoni na chupa za maji zilizopangwa kwa vyeo: ndefu kwa wakubwa, fupi kwa wadogo, na kwa madereva hewa safi. Mkurugenzi wa Mamlaka ya Utambulisho wa Raia alikohoa kikohozi cha kiofisi, akasema:

"Mamlaka inapenda kuujulisha umma kwamba tundu linalovumishwa kuwamo katika mitambo yetu halipo. Endapo lipo, basi lipo kwa mujibu wa taratibu. Na endapo lipo nje ya taratibu, kamati itaundwa kulichunguza, na hadi kamati itakapomaliza kazi yake, wananchi wanaombwa kulichukulia kuwa halipo. Asanteni."

Makofi yakapigwa. Shemeji yake, ambaye alikuwa Afisa Uhusiano wa Mamlaka kwa kipaji chake na kwa dada yake, alipiga kuliko wote. Mkurugenzi akashuka jukwaani akiwa amelowa jasho la ushindi. Kusema kweli alikuwa amelipenda lile tundu kuliko alivyowahi kupenda kifaa chochote cha serikali.

Tulieleze tundu lenyewe, isije ikaonekana mtu mzima anasingiziwa. Kompyuta zote za Mamlaka zilikuwa chini ya programu moja iliyoitwa Kiranja. Aliyeingia ndani ya Kiranja alikuwa ameshika funguo za nyumba nzima: aongeze raia, afute raia, azime mashine za dirisha la kuhudumia raia, afungue au afunge lango la nje, yote hayo akiwa amekaa kitako. Kwa hiyo kabla ya kumruhusu mtu, Kiranja alitakiwa kumuuliza jina na neno la siri.

Siku Mkurugenzi alipokabidhiwa programu hiyo, alivitazama visanduku viwili vitupu vya jina na neno la siri akaona vinamvunjia heshima. Yeye aulizwe jina? Katika jengo ambalo picha yake imetundikwa mpaka jikoni? Hakuandika kitu. Alibonyeza kitufe kwa hasira, kama mtu anayegonga meza ya mgahawa, na Kiranja akafunguka. Kioo kikaandika: "Karibu, Msimamizi."

Almanusra machozi yamtoke.

"Umeona?" alimwambia shemeji yake. "Umeona adabu? Hata mke wangu huniuliza nilikuwa wapi. Hii haiulizi."

"Inakujua, shemeji," Afisa Uhusiano akasema. "Ukubwa hauandikwi."

Mkurugenzi akaamuru watengenezaji wa Kiranja wapelekewe cheti cha pongezi. Tangu siku hiyo hakuwahi kuandika jina lake popote. Alikuwa akikaa kimya, anabonyeza, anakaribishwa.

Sasa aliyekuja kumharibia raha ni mwanamke aliyejulikana kama Bibie wa Mitambo, mkuu wa kompyuta, mtu wa viatu vya raba na ulimi usio na breki. Aliingia bila kupitia kwa katibu muhtasi, jambo ambalo peke yake lilitosha kumfukuzisha kazi.

"Bosi, tuna balaa. Waliotengeneza Kiranja wametangaza wenyewe kwamba ukiviacha visanduku vitupu, inafunguka."

"Najua. Ni adabu."

"Si adabu, ni kasoro. Inafunguka kwa yeyote, kutoka popote duniani. Hata paka akikanyaga kitufe."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

"Ikakwambiaje?"

"Karibu, Msimamizi."

Mkurugenzi akavua miwani. "Kwa hiyo ulijifanya mimi."

"Sikujifanya mtu. Sikuandika kitu!"

"Ndivyo ninavyofanya mimi! Umeighushi saini yangu, wewe mwanamke!"

Bibie akamtazama, akaitazama dari, akamrudia. "Bosi, wameleta kiraka. Nikikibandika leo, tundu linaziba, tumelala salama."

"Na mimi nitaingiaje?"

"Utaandika jina lako na neno la siri. Kama watu."

Hilo "kama watu" ndilo lililomponza. Kabla ya saa za kazi kwisha, Bibie alikuwa amehamishiwa dirishani kupokea raia, na neno la siri alilokuwa akitumia likabadilishwa ili asiguse mtambo tena. Kiraka kikapelekwa kwenye Kamati ya Viraka, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mkurugenzi, na ambayo ilikuwa haijawahi kukutana kwa sababu mwenyekiti alikuwa mtu wa shughuli nyingi.

Wadukuzi hawana kamati. Walisoma tangazo la watengenezaji siku lilipotoka, kama Bibie alivyolisoma, tofauti ni kwamba wao hawakuomba ruhusa. Wakakaa kimya, wakabonyeza, wakakaribishwa. Baada ya hapo wakafanya kazi, na haki yao wapewe, walifanya kazi kweli. Waliandikisha raia ambao hawakuwahi kuzaliwa. Waliokuwa wakitafutwa na polisi walipata majina mapya, safi, na kila jina jipya lilipohitajika, waling'oa la mtu aliyekuwa akilitumia kwa uaminifu maisha yake yote. Ili mambo yaende sawa wakajitengenezea na mtumishi ndani ya mfumo, wakamwita Hodari.

Takwimu za uandikishaji zikapaa, nyingi kwa jina la Hodari. Mkurugenzi alikuwa akiziangalia kila asubuhi huku akitikisa mguu chini ya meza kwa furaha.

"Huyu Hodari ni wa idara gani?" aliuliza.

"Kwa sura simjui, shemeji," Afisa Uhusiano akajibu. "Lakini hachelewi, hapigi domo, wala hajawahi kuomba ruhusa ya msiba. Sijui kama huyo ni binadamu!"

"Mtumishi wa namna hiyo ndiye niliyekuwa namtafuta."

Hodari akatangazwa Mfanyakazi Bora. Kwenye hafla, jina lake lilipoitwa, hakutokea mtu. Watu wakaanza kugeuza shingo. Mkurugenzi akatabasamu kama baba. "Mnaona? Yuko kazini! Hataki sifa!" Akakiweka cheti juu ya kiti kitupu, akakipongeza kiti, wapiga picha wakapiga.

"Huyo Hodari ni mwizi!" Bibie akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wivu," Mkurugenzi akasema kwenye maikrofoni, na ukumbi ukacheka inavyopasa.

Huko nje foleni ilikuwa ikirefuka, maana waliong'olewa majina walianza kuja kuyadai. Ukutani, karibu na lango, ulibandikwa waraka wa Mkurugenzi kwa herufi kubwa: ASIYEMO KWENYE MFUMO HAYUPO. ANAYEDAI YUPO ATHIBITISHWE NA RAIA WAWILI WALIOMO. Aliutunga mwenyewe, akaupenda, akaagiza uwekewe fremu.

Siku moja alipokuwa akipita kuelekea kwenye gari, mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamkimbilia. Mtoto alikuwa akipumua kwa shida, na mama yule hakuwa na haya ya kulia mbele za watu.

"Baba, nisaidie. Hospitali wanataka kitambulisho changu ndipo wamlaze mwanangu. Hapa naambiwa jina langu limefutika."

"Basi mfumo haukujui, mama."

"Lakini si ndiye mimi huyu? Nimesimama mbele yako!"

"Kusimama si ushahidi," Mkurugenzi akasema kwa upole, maana alijiona mpole sana, akapanda gari.

Zile takwimu zilifika kwa Waziri, na Waziri akapendezwa. Uamuzi ukatoka: Mkurugenzi aapishwe kuwa Kamishna Mkuu, palepale kwenye ua wa Mamlaka. Cheo hicho alikitamani tangu ujana wake. Kwa ajili yake aliwanyenyekea watu aliowadharau na kuwadharau waliomnyenyekea, akavumilia hotuba, akacheka vichekesho visivyochekesha. Usiku wa kuamkia siku yenyewe hakupata usingizi, na asubuhi alivaa suti mpya huku akijiita kwenye kioo: Kamishna Mkuu. Akamruhusu dereva ampeleke mkewe mapema kwenye viti vya mbele, yeye akaja baadaye na gari la kukodi, ili aingie peke yake wakati watu wote wameshakaa.

Alifika langoni akagusisha kadi yake ya kazi. Taa nyekundu ikawaka na kioo kikaandika: HAYUMO.

Wadukuzi walikuwa wamefanya usafi wao wa mwisho. Ndani ya Kiranja palikuwa na wasimamizi wawili, Mkurugenzi na wao, na nyumba moja haiwezi kuwa na wenyewe wawili, kwa hiyo wakamfuta Mkurugenzi. Cheo chake wakampa Hodari.

"Fungua," Mkurugenzi akamwambia mlinzi.

"Ningefungua, mzee wangu, lakini humo."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Kukujua nakujua sana," mlinzi akasema. "Wewe ndiye uliyemfukuza mwenzangu kwa kumfungulia mtu anayemjua. Soma hapo ukutani. Fremu nimeifuta vumbi leo asubuhi kwa heshima yako."

Mkurugenzi akatoa simu, akampigia Afisa Uhusiano. Ng'ambo ya ukuta bendi ilikuwa imeshaanza.

"Shemeji, njoo langoni unithibitishe. Upesi! Lete na dada yako."

"Ningependa, shemeji, Mungu shahidi," sauti ikanong'ona. "Lakini Waziri ameshaketi, na mfumo unasema Mkurugenzi ni Hodari. Mimi ndiye msemaji wa mfumo. Nikija kukuthibitisha wewe nitakuwa napingana na nafsi yangu."

"Mpumbavu we! Hodari hayupo!"

"Shemeji, si tulimpa cheti?" Simu ikakatika.

Vipaza sauti vikanguruma juu ya ukuta. Aliitwa Hodari aje kuapishwa. Akaitwa tena. Kisha ikasikika sauti ya Waziri, nzito na yenye kuridhika: "Nimeambiwa huyu bwana huwa haachi kazi hata kwa sherehe zake. Huu ndio uongozi tunaoutaka! Kiapo kichukuliwe kuwa kimeapwa." Makofi yakapigwa, yale hasa aliyoyangoja maisha yake yote, na akayasikia vizuri sana, kwa sababu vipaza sauti alivinunua yeye. Huko ndani Waziri akakipa mkono kiti kitupu.

Mkurugenzi aliegemea ukuta. Suti ilikuwa imemchafuka begani. Akaigeukia foleni ndefu iliyokuwa ikimtazama bila kupepesa, akamwona yule mama mwenye mtoto mgongoni.

"Mama! Wewe unanikumbuka. Tulizungumza hapahapa. Waambie mimi ni nani."

"Nakukumbuka mno," mama akasema.

"Basi nithibitishe. Wewe na mwingine mmoja."

"Mimi mwenyewe sipo, baba. Nitamthibitishaje mtu, na mimi sipo?" Foleni nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Akamweka mtoto vizuri mgongoni. "Mwanangu anaendelea vizuri, kama ulikuwa unataka kuuliza. Daktari aliambiwa hatumo kwenye mfumo, akasema: 'Mbona nawaona?' Akamtibu. Ni wewe tu uliyeshindwa kutuona. Sasa nenda nyuma, sote tumepanga."

Akaenda nyuma. Hakuwa na pengine pa kwenda, maana benki wangemtaka kitambulisho, na nyumba aliyopewa kwa cheo ilikuwa na lango linalomtii Kiranja. Jua lilimchoma, akavua koti, akalivaa tena kwa kuogopa litaibiwa. Aliyekuwa mbele yake alimuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Akaugeukia ukuta.

Zamu yake ilipofika kwenye dirisha la ukutani, nyuma ya kioo alikaa Bibie wa Mitambo, miwani puani na kalamu mkononi.

"Jina?" Bibie akauliza.

Mkurugenzi akanyoosha tai. Akamtazama usoni kwa ile heshima ya kale, akakaa kimya kama alivyozoea, akabonyeza kwa kidole ubao wa dirisha, akangoja kukaribishwa.

"Jina, nimesema."

Akabonyeza tena.

"We mzee!" akafoka mtu wa nyuma yake. "Taja jina kama watu, foleni isogee!"