Kila Mwizi Aje na Aliyemwibia

Octave Ndayiragije alikuwa ameegemea ukuta wa duka kule Kavimvira, hatua chache tu kutoka kizuizi cha mpakani kati ya Uvira na Burundi, akichungulia wasafiri aone ni nani Mungu amemletea asubuhi ile. Ndipo aliposikia wabadilisha pesa wawili wakigombana nani kati yao ni mwizi zaidi. Usidhani walikuwa wanasingiziana. Kila mmoja alikuwa anajisifu!

"Minye nimeanza kuiba tangu darasa la pili!"

"Weye? Weye hata ugali wa mama yako ulikuwa unaombaka ruhusa!"

Octave akasogea taratibu. Watu wakianza kujivunia dhambi zao, faida haiko mbali.

Habari yenyewe ilikuwa hii. Binti mmoja wa Bukavu, madame Noella, alikuwa amefika Uvira kutengeneza filamu ya katuni, zile picha za kuchora zinazotembea na kusema. Katika filamu hiyo jambazi mmoja anachoka na ujambazi, anageuka shahidi, anawataja wakubwa wake mbele ya juge, yaani hakimu, nao wanamsaka hadi ndani ya ziwa. Picha zilishakuwa tayari. Ilibaki sauti ya jambazi, na madame hakutaka mwigizaji. Alitaka mwizi wa kweli, aliyetubu. Zawadi yake pikipiki mpya nyekundu, kiti bado kimevaa nailoni.

Ndani ya siku mbili, Uvira yote ikatubu. Mwalimu wa hesabu wa Mulongwe akakumbuka kwamba aliwahi kupora benki. Kiongozi wa kwaya akasema alivunja gereza mara tatu. Hata katekista, mzee asiyeweza kuiba hata usingizi katikati ya mahubiri, akaja kujiandikisha na ujambazi wake.

Madame Noella akaona hapa atadanganywa mchana kweupe. Akaweka sharti, kama kule kwenye vyumba vya maombi, ambako anayetoa ushuhuda husimama pamoja na yule aliyemkosea. "Kila mwizi aje na aliyemwibia. Na huyo aliyeibiwa aape mbele ya watu."

Octave akacheka sana. Halafu akaacha kucheka.

Miaka kumi na tisa ya kazi alikuwa amehangaika pasipatikane shahidi hata mmoja! Aliowalia pesa zao, wengi walimshukuru. Wengine walivuka kwenda Bujumbura na hadi leo wanatafuta ofisi aliyowaelekeza. Ambaye bado alijua anakoishi alikuwa mmoja tu, Mama Bernardine wa Bwegera, mjane wa mashamba ya mpunga. Huyo Octave alimuuzia ruhusa ya kuvusha mchele, yenye muhuri aliouchonga mwenyewe kwenye kisigino cha sandale. Watu wa forodha waliicheka ile karatasi mpaka mvua ikanyeshea magunia yake matatu.

Akaenda hadi Bwegera, akamkuta anaanika mpunga. Akaweka chini sabuni na sukari, akapiga goti.

"Mama, unanikumbuka? Ni minye nilikuibia."

Bernardine akamtazama toka kichwani hadi miguuni. "Ah-ah. Usijisingizie, mwanangu. Muntu aliniibia alikuwa muzuri, na maneno yake tamu kama asali. Weye uko na sura ya muntu wa kukosa chakula."

"Naapa ni minye!"

"Kuapa ni rahisi. Niibie tena, nisikie."

Basi pale juu ya mkeka, Octave akavuta pumzi, akaweka mkono kifuani. "Mama yangu, tumbo lililonizaa! Muntu wa heshima kama weye asimame foleni na wachuuzi wa visamaki vya sambaza? Mbingu itatulaani!"

Mama akafumba macho kama anayesikiliza Injili. "Rudia pale pa tumbo. Ulivuta pumzi mbele, ama nyuma?"

"Mbele, mama. Pumzi ni ya kuonyesha huruma."

"Ehe. Na mukono?"

"Mukono unafuata pumzi."

"Bon. Urudi kesho. Minye ni mukristu, siwezi kuapa kitu sijakijua vizuri."

Akarudi kesho, na kesho kutwa, na siku nyingine mbili. Kila siku sabuni, kila siku kugeuza mpunga juani, kila siku kuiba upya tangu mwanzo. Octave hakulalamika. Pikipiki aliiona tayari inamngojea, tena alishapanga namna ya kuiuza kwa watu wawili.

Siku ya kusikilizwa, ukumbi wa parokia ulijaa. Mstari wa mbele alikaa komanda wa polisi, amealikwa kwa heshima. Octave akasimama na Bernardine mbele ya mikro ya kunasa sauti, na hapo ndipo alipojigundua. Tangu azaliwe hajawahi kusema ukweli hadharani, na mdomo wake haukuijua njia yake. Alitaja mahali, mwaka na watu kwa sauti ya mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. Watu wakapiga miayo. Komanda peke yake ndiye aliyependezwa. Alikuwa anaandika.

"Asante, papa," akasema Noella, bila furaha. "Mama, ni kweli alikuibia?"

Bernardine akakaza kikwembe chake kiunoni. Akavuta pumzi. Mkono ukafuata.

"Mama yangu," akasema, sauti nzito na laini kama mawese ya moto, "tumbo lililonizaa..."

Mwanamume mmoja akashika mfuko wake haraka. Mwanamke wa mstari wa tatu akatoa kadi yake ya uchaguzi, tayari kuikabidhi. Katekista akalia.

"Ni huyu!" Noella akaruka. "Ni huyu jambazi wangu!"

"Madame!" Octave akapaza sauti. "Huyu ni mwanamuke! Tena bibi!"

"Papa, uso nitauchora minye. Ninatafuta sauti."

"Ulisema mwizi wa kweli! Huyu ameiba nini?"

Bernardine akamgeukia kwa upole. "Si nimekuibia weye?"

"Ameniibia, ndiyo! Maneno yangu, pumzi yangu, hata mukono! Naapa mbele ya watu wote!"

Noella akatabasamu. "Mwizi amekuja na aliyemwibia, na aliyeibiwa ameapa. Sharti limetimia."

"Na weye," komanda akamwambia Octave, akifunga daftari lake, "kuanzia leo kuku akipotea Kavimvira, tunaanzia kwako."

Filamu ikatoka, pikipiki ikatolewa. Bernardine hakujua kuendesha. Akamchagua Octave awe dereva wake wa mchele, kwa sababu muntu anayechungwa na polisi, alisema, hapotei ovyo na mali ya watu. Naye Octave, kazi nyingine alikuwa nayo wapi?

Sasa wakipita Kavimvira, gunia katikati na mama nyuma, mpaka mzima unasimama kushangilia. "Mwizi! Mwizi huyooo!" Octave, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, anainamisha kichwa na kukaza mafuta akimbie.

Mama anampiga kofi la mgongo.

"Polepole, weye! Hawaiti weye. Acha nipunge mukono."