Hanibali Agombea Uenyekiti wa Klabu

Jumatatu, 10 Agosti 1964

Uchaguzi wa mwenyekiti wa klabu yetu ya Msambweni ni Jumapili. Wagombea wawili: mimi, karani wa ushirika wa korosho, na Chirau, fundi cherehani. Watu wanampenda Chirau. Kwa nini, sijui. Anajua bao tu! Mwenyekiti huketi mbele na kupokea wageni wa serikali. Nakitaka kiti kile. Nakitaka mno.

Ninayo silaha. Afisa kilimo Mwingereza, alipofungasha kurudi kwao, aliniachia kijitabu cha kanuni za mchezo wa vita vya mezani. Jumamosi nitapigana na Chirau mbele ya wanachama wote, waone nani ana akili ya kuongoza. Tutarudia vita vya Kanae. Mimi Hanibali, jemadari wa Karthago, Mwafrika mwenzetu. Chirau Warumi. Hanibali aliwafagia Warumi hao zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, kwa hiyo sioni nitashindwaje.

Jumanne, 11 Agosti

Shida. Warumi walikuwa elfu themanini, Hanibali elfu hamsini. Kijitabu ni cha vikosi vya watu kumi na wawili, na kinataka mizinga irushe njiti za kiberiti. Mizinga, Hanibali! Nimeifuta. Nimeandika mikuki. Nimeamua korosho moja iwe askari elfu.

Nimerudi kutoka kazini nikakuta Mwanarusi, mke wangu, amekaanga wapanda farasi wote wa Roma akawapa wageni. Nimefoka. Ameuliza farasi gani.

Alhamisi, 13 Agosti

Maalim Abdurahman, mlezi wa klabu, amepita kukagua. Nimempa shikamoo, ameitikia vizuri, kisha akaona dadu zinazotakiwa na kijitabu. Amesema dadu ni kamari na haziingii ukumbini. Nimemweleza kwamba ni bahati ya vita tu. Amesema astaghfirullahi. Dadu zimetoka.

Kanuni mpya: kikosi kikubwa hukila kidogo. Askari ni kete za bao. Nyingine nimeazima kwa shemeji yangu wa Bongwe, zilizopungua amenipa Chirau mwenyewe. Mjinga! Kijitabu kina kurasa nyingi sijazifikia, kwa hiyo nimefunga kanuni zangu kwa sentensi moja: jambo lisilotajwa humu litaamuliwa kwa desturi. Sentensi nzuri. Ina sauti ya katiba.

Jumamosi, 15 Agosti

Ukumbi ulijaa. Wengi wacheza bao.

Nilipanga kama Hanibali. Katikati niliweka kikosi dhaifu, makusudi, kirudi nyuma ili Warumi wajitose, kisha pande zangu mbili ziwafungie. Chirau akajitosa. Nikacheka moyoni. Akala kete zangu za katikati. Nikamwambia azitoe mezani, hao wamekufa. Akauliza kwa adabu imeandikwa wapi. Nikatafuta. Haikuandikwa popote.

Akasema basi ni desturi, na kete iliyoliwa huwa ya aliyeila, naye huitia upande wake. Ukumbi mzima ukasema ndivyo. Maalim pia! Nikapinga kwamba mtu wa Karthago hawezi kugeuka Mrumi kabla hajanywa hata maji. Mzee mmoja nyuma akauliza mbona waheshimiwa bungeni wanahama chama kabla ya chakula cha mchana. Wakacheka mpaka wakapiga meza, na kete zangu zikaruka.

Kila nilipomvuta ndani, alikula. Kila alipokula, aliongezeka. Nilipotaka kufunga pande, sikuwa na wa kufungia. Warumi walimaliza vita wakiwa wengi kuliko walivyoanza. Chirau akanipa mkono akaniambia nimecheza vizuri. Niliona aibu, nilitamani ardhi ipasuke.

Jumapili, 16 Agosti

Chirau ni mwenyekiti. Mimi kura mbili. Moja yangu. Ya pili namshuku Chirau, kwa adabu zake zile.

Mwanarusi amesema Chirau amehudhuria kila mazishi mwaka huu na kumjulia hali kila mgonjwa, na mimi nilikuwa chumbani nahesabu Warumi. Ameuliza ingekuwaje kama ningetoka kidogo. Nimerudi kwa kijitabu changu. Mambo ya mbinu hayaelewi.

Jumatatu, 17 Agosti

Nimeligundua kosa. Nchi kavu! Baharini hakuna kete wala desturi ya bao. Nimempelekea Chirau changamoto: vita vya Salamina, Wagiriki na Waajemi, merikebu za vifuu vya nazi, kila mtu akisukuma zake ndani ya maji ya kifuani. Mshindi achukue kiti. Amekubali papo hapo, na kunishukuru. Mimi nimechagua Waajemi. Walishindwa, ndiyo, lakini walikuwa na merikebu nyingi zaidi.

Mwanarusi amenikumbusha kwamba Chirau ni mzaliwa wa Gazi, alikuwa mpiga mbizi kabla ya kushika cherehani, na kwamba mimi sijui kuogelea. Nimemjibu hata Hanibali hakujua.